Unene Si Ushahidi wa Tabia

Sisi wa Mkonze tu jirani na Mirembe, hospitali ya maradhi ya akili ijulikanayo nchi nzima, na jambo hili twaliona kwa macho. Mwanamke hupelekwa kule amekonda, halali wala hali. Baada ya miezi hurejea ametulia, naye amenenepa. Hapo ndimi huanza: kumbe hakuwa mgonjwa, ni tabia yake tu, ulafi na uvivu.

Watafiti wa Marekani wameona kwamba wanawake wenye matatizo ya haiba, yaani wale ambao tangu ujana hisia zao huwaka ghafla, huogopa mno kuachwa, na pengine hujidhuru wenyewe, aghalabu huwa wazito kuliko wenzao. Lakini mambo mawili kukutana njiani si dalili kwamba moja limelizaa la pili. Mmoja hula ili atulize moyo uliojeruhiwa utotoni. Mwingine hunenepeshwa na dawa za kutuliza akili; olanzapini, kwa mfano, huzidisha njaa sana. Na maisha ya mjini hunenepesha hata wazima: uchunguzi wa taifa wa 2015-16 ulikuta wanawake 42 katika kila 100 wa mijini wamezidi uzito, na wa vijijini 21. Je, wote hao tabia zao mbovu? Wazee wa Ugogo waliosimuliwa njaa ya Mtunya, iliyoanza 1917, waliuona unene kuwa ni neema. Mwili ni ule ule, hukumu mbili.

Bibi Sauda (R.A.), mkewe Mtume (S.A.W.), alikuwa mzito wa mwili, mwendo wake wa polepole. Usiku wa Muzdalifa aliomba atangulie kabla ya msongamano wa watu, na Mtume akamruhusu. Hatukusimuliwa kwamba alimlaumu. Bibi Aisha (R.A.) baadaye alitamani lau naye angaliomba ruhusa ile. Uzito ulichukuliwa kuwa uzito, jambo la mwili lihitajilo wepesi.

Sisemi kwamba unene hauna madhara. Kisukari na shinikizo la damu twavijua. Daktari aweza kubadili dawa au kipimo chake, akishauriana na mgonjwa mwenyewe. Lakini mume amwitaye mkewe "pipa" mbele ya watoto hampunguzii hata ratili moja. Mke huficha vidonge chini ya godoro, akaacha kuvimeza ili akonde. Muda si mrefu nyumba ile haina usingizi, na mume yule yule ndiye agongaye mlango wa sheikh usiku, akitaka kisomo.