Bunduki ya Kwanza ya Mtoto

Wahenga walisema: mtoto akililia wembe, mpe. Methali hii ni kali, lakini ina hekima yake. Mzazi aliyekwisha kuonya na asisikizwe hana mwalimu mwingine wa kumletea mtoto ila ukali wa wembe wenyewe. Mtoto atajikata, atalia, kidonda kitapona, na funzo litabaki. Msomaji, nataka tuipime methali hii kwa jambo zito kuliko wembe. Je, mtoto akililia bunduki, apewe?

Swali hili si la mzaha. Huko Marekani na Uingereza wazazi wengi huulizwa na watoto wao, nao hawana budi kulijibu. Katika nchi hizo uko mchezo wa kulenga visahani vya udongo kwa bunduki ya marisau, yaani bunduki irushayo punje nyingi ndogo za risasi kwa pamoja. Mtambo hukirusha kisahani hewani, chenye upana wa sentimita 11 hivi, nacho hukimbia kama ndege aliyeshtuliwa. Mchezaji hukifuata kwa mtutu na kujaribu kukivunja kabla hakijaanguka. Zamani shabaha ilikuwa ndege hai. Katika Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 1900 njiwa walifunguliwa wakapigwa risasi mbele ya watazamaji. Lakini tangu mwaka 1880 Mmarekani aitwaye George Ligowsky, wa mji wa Cincinnati, alikuwa amekwisha kubuni kisahani cha udongo, na polepole kisahani kikachukua mahali pa njiwa. Leo hata udongo umeachwa, na visahani vingi hufanywa kwa lami na unga wa mawe ya chokaa. Jina la udongo ndilo lililobaki. Basi mchezo huu ni ushahidi kwamba binadamu aweza kuondoa damu katika burudani yake na kubakiza ustadi.

Watoto nao hucheza. Katika jimbo la Minnesota ligi ya shule za sekondari ilianza mwaka 2001, na tangu hapo mchezo umeenea katika shule za majimbo mengine mengi. Mwanamke mmoja wa California, Kim Rhode, alitwaa nishani ya dhahabu ya Olimpiki mjini Atlanta mwaka 1996 akiwa na umri wa miaka 17, kisha akapata nishani katika kila Olimpiki kati ya tano zilizofuata. Mtu hafiki huko kwa miaka 17 ila alianza akiwa mtoto. Samaki mkunje angali mbichi.

Lakini yuko atakayesema: bunduki ni bunduki, hata ikipewa jina la mchezo. Msemaji huyo asidharauliwe. Mwaka 2020 nchini Marekani, watoto na vijana wa umri wa miaka 1 hadi 19 waliouawa kwa bunduki walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa ajali za magari. Vifo hivyo havikutokea katika viwanja vya mchezo. Vingi vilitokana na ugomvi, na na vijana waliojiua kwa huzuni, na vingine na watoto waliookota bunduki iliyoachwa ovyo nyumbani. Hata hivyo, bunduki iliyonunuliwa kwa ajili ya visahani hulala katika nyumba ile ile wanamolala watoto, nayo haijui tofauti ya kisahani na kifua cha mtu.

Hapa ndipo methali yetu inapokoma. Wembe humkata aliyeushika. Bunduki aghalabu humkata asiyeishika, naye ni ndugu, au jirani, au rafiki aliyekuja kutazama. Tena kidonda cha wembe humwachia mtoto nafasi ya kujuta na kujirekebisha. Bunduki yaweza isimwachie mtu nafasi hiyo. Mwalimu afundishaye kwa kosa moja tu, na kosa lenyewe ni mauti, hafai kuajiriwa.

Basi je, mtoto akatazwe kabisa? Mimi sisemi hivyo. Nasema kwamba kumpa mtoto kitu chenye nguvu ni haki iwapo mpaji amempima mpokeaji, na iwapo mpaji mwenyewe anabaki kando yake. Ukikosekana mmoja katika masharti haya mawili, zawadi hugeuka hatari. Natuyatazame moja baada ya jingine.

Tumfikirie baba mmoja wa Minnesota, ambaye binti yake wa miaka 12 ameomba kujiunga na timu ya shule. Baba anaingia dukani. Mbele yake zimepangwa bunduki za kila namna, na moyoni mwake wamo washauri watatu: fahari, ubahili na huruma.

Fahari humwambia, "Mnunulie ya namba 12, kama yako." Yafaa ujue, msomaji, kwamba namba za bunduki hizi huhesabiwa kinyume. Namba 12 maana yake ni kwamba tufe 12 za risasi, kila moja ikienea sawasawa ndani ya mtutu, zina uzito wa ratili moja. Namba 20 huhitaji tufe 20 kwa ratili ile ile, kwa hiyo mtutu wake ni mwembamba zaidi. Bunduki ya namba 12 ya mchezo aghalabu hufikia kilo tatu na nusu au kupita, na kutoka kifyatulio mpaka mwisho wa kitako ni kama sentimita 36. Binti wa miaka 12 huenda mkono wake ukatosha sentimita 31 au 32. Akiinua bunduki ya baba yake, atajipinda nyuma kama mtu aliyebeba mtungi mzito, kitako kitateleza kwapani, na shavu lake halitakaa mahali pake. Risasi ikilia, teke litampiga juu ya mkono badala ya begani. Baba atakuwa amejinunulia furaha yake mwenyewe na kumwachia mtoto alama nyeusi za maumivu.

Ubahili humwambia, "Nunua kubwa, atakua nayo." Maneno haya sisi tunayajua vizuri. Wangapi kati yetu waliingia Kidato cha Kwanza na sweta iliyofunika vidole, kwa sababu mzazi alihesabu miaka minne mbele? Sweta kubwa haimdhuru mtu, ila wenzake humcheka kidogo. Bunduki kubwa haina msamaha huo. Mtoto anayepigwa teke kila afyatuapo hujifunza kufumba macho kabla ya mshindo. Mwili hushika funzo hilo upesi na kulisahau kwa taabu. Miaka mitatu baadaye bunduki itamwenea, lakini hofu iliyoingia siku za kwanza itakuwa imekua pamoja naye. Si kwamba kuweka akiba ni aibu. Ziko bunduki ambazo kitako chake huongezwa vipande kadiri mtoto anavyorefuka, na ziko zilizokwisha kutumika lakini bado nzima. Fundi mwaminifu humwonyesha mnunuzi hizo. Akiba njema huokoa fedha bila kumtoza mtoto maumivu.

Huruma ndiyo mshauri mgumu zaidi kupingwa, maana husema kwa sauti ya upendo. Humwambia baba, "Mtoto ni mdogo, mpe iliyo nyepesi kuliko zote." Lakini wewe umesoma kanuni za Newton darasani. Risasi inaposukumwa mbele, bunduki husukumwa nyuma. Kwa risasi ile ile, bunduki ya kilo mbili na nusu hurudi nyuma kwa kasi kubwa kuliko ya kilo tatu na nusu, na bega ndilo hulipokea deni hilo. Wepesi uliopendeza dukani huwa ukali uwanjani. Tena iko bunduki ndogo kabisa, yenye mtutu wa milimita kumi na kitu. Hiyo kweli haina teke kubwa, lakini risasi yake ya kawaida hubeba gramu 14 tu za marisau, ilhali ya namba 20 hubeba karibu gramu 25. Punje zikiwa chache, kisahani hupita katikati yake kikiwa kizima. Bingwa hufurahia ugumu huo, bali mtoto anayekosa mara 25 mfululizo hudhani kosa ni lake, naye hukata tamaa. Huruma isiyo na maarifa humwumiza yule yule anayehurumiwa.

Waangalie tena washauri hawa. Fahari inamtazama baba, ubahili unaitazama fedha, na huruma inaitazama hofu. Hakuna hata mmoja anayemtazama binti. Na hilo ndilo jambo lililokuwa la kwanza kufanywa.

Baba mwenye busara hatanunua siku ile. Atampeleka binti yake uwanjani, ambako kwa kawaida mwalimu ana bunduki za kuazima. Atampa bunduki tupu, iliyofunguliwa na kukaguliwa, atazame kama shavu linalala juu ya kitako bila shingo kujikaza, na kama mikono yaweza kuibeba bila mgongo kupinda. Atapima pia jicho lake. Jaribu jambo hili wewe mwenyewe: nyosha kidole kwenye kitu cha mbali macho yote mawili yakiwa wazi, kisha fumba moja moja. Jicho ambalo likibaki wazi kidole hakihami, hilo ndilo jicho lako linalotawala. Wako watu wa mkono wa kuume ambao jicho lao la kushoto ndilo mtawala, nao wakilenga kwa bega la kulia hukosa shabaha bila kujua sababu. Baada ya haya yote, huenda baba akachagua ya namba 20, isiyo nzito mno wala nyepesi mno, yenye kitako kifupi na risasi za nguvu ndogo. Akiwa na mtoto mwenye kifua kipana, huenda akachagua nyingine. Jibu halimo katika bunduki, limo katika mtoto.

Nalo sharti la pili? Sheria ya Uingereza ya mwaka 1968 inatufundisha hapa. Mtoto aliye chini ya miaka 15 hawezi kuwa na bunduki ya marisau iliyo tayari kutumika isipokuwa chini ya uangalizi wa mtu wa miaka 21 au zaidi. Tena ni kosa kumpa mtoto wa umri huo bunduki hiyo kuwa zawadi. Yaani aruhusiwa kuitumia, asiimiliki. Naona hekima kubwa katika tofauti hiyo. Mtoto apewe mchezo, bunduki ibaki mkononi mwa mzazi. Ikitoka uwanjani, ifungiwe kwa kufuli, risasi zifungiwe pengine, na ufunguo asiujue mtu ila mwenye dhamana. Mzazi anayesema, "Mwanangu ni mwerevu, hataigusa," hajamsifu mtoto wake, amemtwika tu mzigo ambao ulikuwa wake yeye.

Hata uangalizi una kipimo chake. Miaka peke yake haitoshi. Yuko mtoto wa miaka 11 ambaye akiambiwa "Simama" husimama kabla neno halijaisha, huelekeza mtutu mahali salama bila kukumbushwa, na kidole chake hakigusi kifyatulio mpaka wakati wake. Yuko kijana wa miaka 17 ambaye akikosa shabaha hukasirika na kugeuka na bunduki mkononi kuwatazama waliomcheka. Wa kwanza ameiva, wa pili bado. Na mzazi asiyeweza kutamka neno "bado" kwa sababu ya machozi ya mtoto naye hajaiva. Mcha mwana kulia hulia yeye.

Huenda unasema moyoni, "Haya yananihusu nini? Mimi sitanunuliwa bunduki." Ni kweli. Hapa Kenya raia hashiki bunduki bila leseni, na mchezo wenyewe huchezwa na wachache. Lakini je, hujapewa panga kwenda kukata majani ya ng'ombe? Je, hutapewa siku moja pikipiki, au simu yenye dunia nzima ndani yake, au fedha za chama, au ukiranja juu ya wenzako? Kila kimoja katika hivi ni bunduki ya namna yake. Chaweza kumjenga akishikaye na kumjeruhi asiyekuwamo. Ndugu yako aliyekurushia ufunguo wa pikipiki na kuondoka zake alidhani anakupenda. Yule aliyekukataza leo, akakaa nyuma yako kesho, akakuachia kidogo kidogo, huyo ndiye aliyekupenda zaidi, hata kama ulimnunia.

Basi siku utakapopewa, uliza kwanza kama chakuenea, wala usione haya kusema, "Hiki kimenizidi." Na siku utakapokuwa mpaji, nawe utakuwa, msahau kwanza yule mtoto uliyekuwa wewe, mwenye tamaa ambazo hukutimiziwa. Mtazame mtoto aliye mbele yako: urefu wa mkono wake, nguvu za bega lake, na namna anavyosikia neno. Ukiisha kumpa, usiondoke.