Tunapozuru mahali pa kale, tuanze kwa hodi

Ndugu Waislamu, siku hizi shule na madrasa zetu nyingi za mijini zinawapeleka vijana kutembelea maeneo ya kihistoria: Kaole, Kilwa Kisiwani, Tongoni. Ni jambo jema. Qur'an yenyewe, katika Suratur Rum na kwingineko, inatutaka tutembee katika ardhi tuangalie ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Swali ninalotaka tulitafakari ni hili: tukifika huko, tunadaiwa nini na wenyeji wa mahali pale, walio hai na waliokufa? Nauliza kwa sababu mimi mwenyewe niliteleza.

Miaka michache iliyopita nilipanda milima ya Usambara na wanafunzi wangu hadi Mlalo, kaskazini mwa mji wa Lushoto. Mlalo ina historia ndefu. Palikuwa na utawala wa Wakilindi, ukoo uliotawala Usambaa kutoka Vuga. Mwaka 1891 wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani nao walifungua kituo chao hapo.

Tuliposhuka kwenye basi tulikwenda moja kwa moja hadi mahali tulipoelekezwa kuwa ni makazi ya zamani ya mazumbe. Hatukubisha hodi kwa mtu. Vijana kadhaa walikaa juu ya mawe wakapigana picha. Mimi nikaanza kusomesha kwa sauti ya juu, na kwa kejeli, nikiwaeleza jinsi watawala wale walivyodai kuwa na uwezo wa kuleta mvua. Wanafunzi wakacheka.

Nyuma yetu alikuwa amesimama mzee mmoja mwenye kofia na kanzu. Alitusalimia, "Assalaam alaykum," tukaitikia. Kisha akasema kwa upole: "Ustadhi, hayo ya mvua ni kweli, walikuwa wakidai. Lakini hao unaowacheka ni babu zangu, na mawe waliyokalia vijana wako ni ya kaburi. Mngeuliza kwanza."

Sikuwa na jibu. Hadithi ya Mtume (SAW) inayokataza kukaa juu ya makaburi niliwafundisha vijana wale wale darasani. Nikaisahau mlimani.

Huenda msomaji akasema: "Lakini wale walikuwa katika ujahili, na Mtume (SAW) alipopita katika makazi ya kina Thamud, akielekea Tabuk, hakuyatukuza." Ni kweli. Ila tukumbuke aliwaambia nini Maswahaba: wasiingie pale isipokuwa wakiwa wanalia, wasije wakasibiwa na yaliyowasibu wale. Hata kwa watu ambao Wahyi umethibitisha kuwa waliangamizwa, aliamrisha kilio, hakuamrisha kicheko. Anayelia anaihofia nafsi yake. Anayecheka amejiona yeye kesha salimika. Na ni nani aliyetupa sisi dhamana hiyo?

Tena imepokewa kuwa jeneza la Myahudi lilipita, Mtume (SAW) akasimama. Alipoambiwa kuwa ni la Myahudi, akauliza kama ile nayo si nafsi. Basi heshima kwa maiti haina maana ya kuikubali itikadi yake. Mtu anaweza kukataa ushirikina wa zumbe na bado asikalie kaburi lake, wala asimdhihaki mbele ya wajukuu zake.

Wapo pia wanaokosea kwa upande wa pili. Pale Kaole liko kaburi ambalo baadhi ya watu huliendea kwa haja zao. Ziara ya makaburi iliruhusiwa ili itukumbushe akhera, na haja anaombwa Mwenyezi Mungu (SW) peke yake.

Kosa jingine ni kuondoka na kitu. Huko Tongoni, karibu na Tanga, nguzo za makaburi zilipambwa kwa bakuli za kauri. Leo yamebaki mashimo matupu ya kuonyesha zilipokuwa. Huenda kila aliyechukua alijiambia, "Ni kimoja tu." Hii ni amana ya watu wasioweza tena kusimama kudai chao.

Lakini kosa lililozaa mengine yote pale Mlalo lilikuwa la mwanzo kabisa: hatukupiga hodi. Suratun Nur inatukataza kuingia nyumba za watu mpaka tuombe ruhusa na tuwasalimie wenyewe. Mahali pakiitwa "pa kihistoria", watu wa mjini tunadhani pamekuwa pa kila mtu. Mlalo si makumbusho. Watu wanaishi, wanalima na wanazika pale. Tungeanza kwa salamu, tungeambiwa kaburi liko wapi kabla ya mtu kulikalia.

Tulimwomba mzee radhi, naye akasamehe. Baada ya swala ya adhuhuri alituketisha barazani akatusimulia habari za Wakilindi, mazuri yao na dhulma zao, bila kuficha. Muislamu mwenzetu, Abdallah bin Hemedi, aliyeandika Habari za Wakilindi zaidi ya miaka mia moja iliyopita, alizipata kwa njia hiyo hiyo ya kuwasikiliza wazee. Siku ile mwalimu alikuwa mzee yule. Mimi nilikaa mkekani pamoja na wanafunzi wangu, nikiandika.

Wabillahi tawfiq.