Sauti Yako Ina Maoni, Frateri

Leo sina tafakari ya Injili ya Jumapili. Nina swali linalonisumbua tangu mwaka wangu wa kichungaji, na lilianzia kwenye simu.

Katika parokia niliyotumwa, mkoani Kagera, kulikuwa na kaka mmoja asiyeona, mpiga kinanda wa kwaya, amenizidi miaka mitano hivi. Simu yake ilikuwa na programu ya kusoma skrini, ile inayotamka kila unachogusa, ila sauti iliyowekwa ilikuwa ya Kiingereza. Mliowahi kusikia sauti ya Kiingereza ikisoma Kiswahili mnajua. "Pale" inakuwa "peil", "wake" inakuwa "weik", na neno lenye ng' linatoka kama la mtu aliyepaliwa. Kiswahili alikuwa anakibahatisha hivyo hivyo kwa mazoea. Kihaya hakikuwezekana kabisa. Basi ujumbe wa Kihaya ukiingia ananisubiri mimi, maana na mimi ni Mhaya. Nilikuwa najiona Msamaria mwema kweli kweli.

Jioni moja baada ya mazoezi ya kwaya akanipa simu. Mchumba wake alikuwa ameandika, ujumbe mrefu, anavunja uchumba. Nikamsomea pale kwenye benchi nje ya ofisi ya parokia. Nilipofika katikati nikaona sentensi inayosema amechoka kuwaza maisha ya kumshika mtu mkono kila aendako. Sikuweza kuitoa mdomoni. Nikairuka, nikaendelea na inayofuata kama vile hakuna kitu.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Asante, Frateri. Ila ningependa kulia kwanza mwenyewe, ndipo mtu mwingine ajue."

Wiki chache baadaye nilimsaidia kuweka eSpeak NG kwenye simu yake. Ni programu ya bure inayogeuza maandishi kuwa sauti, na Kiswahili kimo. Kihaya hakimo. Lakini irabu zetu ni zile zile tano, kwa hiyo sauti ya Kiswahili ikisoma Kihaya unasikia kama mgeni anayesoma herufi bila kujua anasema nini. Salamu yetu ya "Osiibota" inaikata silabi moja moja na kuweka mkazo kwenye "bo", kwa desturi ya Kiswahili. Inachekesha, ila ukitega sikio unaelewa. Usiku huo huo akarudi kwenye ule ujumbe wa mchumba. Kesho yake akaniuliza, tena bila hasira, "Frateri, ile ya kushika mtu mkono mbona hukuisoma?"

Nikajitetea kwamba ilikuwa huruma. Akacheka. "Sauti yako ni nzuri, lakini ina maoni. Hii mashine ina sauti mbaya, ila maoni haina."

Mnajua sisi wa seminari tukibanwa tunakimbilia wapi. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba hata uongo wa kumfaa mtu ni dhambi, ingawa si mzito kama ule wa kumdhuru. Hilo nililijibu vizuri kwenye mtihani. Ila kisa changu kina kitu kingine ndani yake. Kijana anayeona, nikimsomea barua yake na kuruka mstari, ataichukua ajisomee, aniumbue. Huyu hakuwa na pa kwenda. Niliweza kumficha kwa sababu bila mimi barua haifunguki, na mimi nilikuwa nimeupenda wadhifa huo. Yesu kabla ya kumponya Bartimayo alimuuliza anataka afanyiwe nini, ingawa kila mtu pale aliona kwamba ni kipofu. Mimi miezi yote ile nilisoma tu, sikuuliza.

Kwa hiyo, je, sauti inayosoma lugha ya mtu ni hisani au ni haki yake? Thoma huyo huyo anasema haki ni utashi thabiti wa kumpa kila mtu kilicho chake. Mwanzoni nilidhani programu ya simu haiwezi kuwa "chake", hakuna anayemdai mwenzake programu. Sasa nafikiri nilikuwa naangalia kitu kisicho chenyewe. Chake ni ule ujumbe. Aliandikiwa yeye, kwa jina lake, na yule dada hakuandika ili mimi nijue. Kinachokaa kati ya mtu na barua yake, hata kama ni frateri mwenye nia njema, kinapaswa kujieleza kwa nini kiko hapo.

Nilipompa mwenzangu mmoja hoja hii alinijibu kwa mambo mawili. La kwanza, huyo kaka Kiswahili anakijua, si aambiwe watu wamwandikie Kiswahili? La pili, Wahaya wasioona wenye simu janja ni wangapi? Kanisa lina visima vya kuchimba.

La kwanza lilinirudisha kwenye Pentekoste. Wale waliokusanyika Yerusalemu wengi wao wangeweza kuelewana kwa Kigiriki, lugha iliyokuwa ikitumika sokoni na bandarini upande wote ule wa dola ya Roma. Petro angesimama na Kigiriki chake cha kuvua samaki na mambo yangekwenda. Roho Mtakatifu hakupita njia hiyo ya mkato. Kila mmoja alisikia kwa lugha aliyozaliwa nayo, na Luka anajipa kazi ya kuwataja: Waparthi, Wamedi, Waelami, mpaka Wakrete na Waarabu. Hatuambiwi kwamba kuna aliyesimama kuwahesabu Waelami kwanza. Na jamani, mtu anayevunja uchumba haandiki kwa lugha ya barua za ofisi.

La pili ni gumu zaidi, nami sidharau visima. Ila tazama hizi sauti zilivyopatikana. Mwingereza Jonathan Duddington alianza kutengeneza yake mwaka 1995 kwenye kompyuta za Acorn, na hiyo ndiyo iliyokuja kuwa eSpeak. Haitegemei rekodi za mtu akisema maneno. Sehemu kubwa ya mlio inaukokotoa yenyewe, ndiyo maana ni ya kibati, na ndiyo maana pia ni ndogo kiasi cha kuingia kwenye simu ya bei rahisi. Kila lugha ina faili la kanuni za kugeuza herufi kuwa matamshi, na faili la maneno yasiyofuata kanuni. La Kiswahili linaitwa sw_rules, jingine sw_list, maandishi ya kawaida tu. Mwaka 2006 Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, alianza NVDA, programu ya kusoma skrini ya kompyuta, akajiunga naye James Teh, Mwaustralia mwenzake asiyeona, wakaitoa bure kwa sababu zilizokuwepo zilikuwa ghali mno. Sauti inayokuja nayo ni hiyo hiyo ya eSpeak. Na Olga Yakovleva, mwanaprogramu asiyeona, alitengeneza RHVoice kwa ajili ya Kirusi, leo inasoma pia Kijojia, Kikirgizi na Kitatari.

Hapo visima havikupungua hata kimoja. Kilichotolewa zaidi ni jioni za watu, na mtu anayeijua lugha. Sauti nzuri, zile zinazohitaji saa nyingi za kurekodi studio, ni jambo lingine. Kwa hizo hoja ya mwenzangu bado ina nguvu na sina jibu zuri. Lakini kwa ile ya kibati, hoja ya visima ilikuwa inanificha mimi mwenyewe. Kihaya nakijua. Jioni ninazo, nyingine naziacha ziishie kwenye mpira.

Basi tumeanza. Mimi nimerudi seminarini, yeye yuko kulekule, tunatumiana maneno kwa WhatsApp na mimi naandika kwenye daftari. Si kazi rahisi. Kihaya kina kidatu cha juu na cha chini ambacho kwa kawaida hatukiandiki, kwa hiyo kanuni za herufi peke yake hazitoshi, na maneno mengi itabidi yaorodheshwe moja moja. Tena yeye ni wa Kiziba, mimi wa Ihangiro. Jumamosi iliyopita tumebishana karibu saa nzima juu ya neno moja, kila mtu na matamshi ya kwao. Nilitaka kuandika ya kwangu, kalamu si iko mkononi mwangu? Akaniambia nisiandike kitu mpaka amuulize mama yake. Nimeacha nafasi.