Amana ya Kipima Umbali

Kamera ya kwanza ya Leica, iliyotolewa na kiwanda cha Leitz cha mjini Wetzlar, Ujerumani, mwaka 1925, haikuwa na kipima umbali ndani yake. Hivyo mpiga picha alipachika juu ya kamera kijichombo chembamba cha chuma, akachungulia kitunduni, akazungusha gurudumu hata taswira mbili zikawa moja, kisha akasoma masafa na kuyahamishia kwenye lenzi kwa mkono wake. Mwaka 1932 ikaja Leica II yenye kipima umbali ndani yake, na kijichombo kikaanza kukosa kazi.

Je, ni halali kwa mkusanyaji kutoa mali nyingi leo kukinunua kijichombo hicho, ilhali wahitaji wako mlangoni? Waitao jambo hili israfu hawana hoja dhaifu, maana mkusanyaji hukosa usingizi kwa kipande kimoja asichonacho. Lakini kwa kuwa milki yote ni ya Mwenyezi Mungu, na mja ni mwekewa amana tu, naamini kwamba yule ambaye, baada ya kutimiza haki ya maskini, hukifuta vumbi, hukitengeneza, na kumwonyesha kijana jinsi taswira mbili zinavyokutana, anahifadhi akili na jitihada ya mafundi waliokwisha fariki, wala sioni dhambi katika furaha yake.