Fungu la Nyanya

Kituo cha mabasi cha Nyabugogo, Kigali, kimeamka. Basi la Musanze linajaa, la Huye linajaa, la Rubavu linajaa. Abiria ana haraka. Muuzaji ana fungu la nyanya: nzuri juu, mbovu chini. Fungu limeuzwa. Abiria ameondoka.

Ameondoka, lakini atarudi. Wa Musanze hurudi. Wa Huye hurudi. Akirudi, atapita mbele ya meza ya muuzaji huyo bila kusimama.

Basi wewe muuzaji, panga fungu lako wazi. Iliyopondeka ionyeshe, ipunguze bei. Mteja akivutana nawe, jua mwisho wako, kisha mpe nyongeza kwa uso mkunjufu. Noti ya leo itatumika leo. Mteja aliyeridhika atakuletea ya kesho.

Leo kazini, muuzie mpita njia kama unavyomuuzia jirani.