Huruma Izamishayo

Je, nia njema yatosha kulifanya tendo kuwa jema? Swali hili la kale nawaletea, wasomaji wa visiwani, kutoka Songea, kwa kisa cha ua.

Katika misitu ya miombo ya Ruvuma humea okidi ya manjano yenye madoa kama ya chui; wataalamu huiita Ansellia africana. Makao yake ni juu ya tawi, wala haimnyonyi utomvu mwenyeji wake. Mizizi yake hunywa mvua na umande, kisha hukaushwa na upepo. Kiangazi kikiingia, tangu Mei hadi Oktoba, huvumilia ukame bila kufa.

Mti ukatwapo kwa mkaa au kwa shamba, wapo waiokotao wakaipanda chunguni, barazani. Huipa udongo mnono, samadi, na maji asubuhi na jioni. Haupiti muda mrefu, majani hunyauka. Nao kwa kuona hivyo huzidisha maji. Kumbe mizizi imeoza kwa kukosa hewa, haiwezi tena kunywa. Ua lafa kwa kiu ilhali limezama.

Tiba yake ni kupunguza. Hutolewa udongoni, mizizi ya kahawia iliyolegea hukatwa kwa kisu safi, iliyo migumu huachwa. Kisha hufungwa kwenye gogo, au huwekwa katika vipande vya magome na mkaa, penye mwanga usiounguza. Hunyweshwa, ikaachwa ikauke. Halafu hungojwa, pengine miezi, hadi ncha ya mzizi mpya ichomoze.

Hapo ndipo penye swali letu. Wangapi wamemtoa mama yao kijijini, wakamkalisha sebuleni mjini, wakamnyima jembe, wakamkataza hata kufagia? Akinyong'onyea, huongezewa mto na chai. Mwenyewe haulizwi.

Yupo atakayejibu kwamba mtu hupimwa kwa nia yake. Nakubali: nia humsafisha mtenda. Lakini haimshibishi mtendewa. Wema ni kama mshororo wenye kina cha kati na kina cha mwisho: kimoja ni nia, cha pili ni kumjua umtendeaye. Kimoja kikikosekana, shairi ni guni, hata mtunzi angalilia machozi alipolitunga.

Basi ajaye kuokoa, liwe ua au awe mzazi, na aanze kwa kuuliza: huyu aliishije kabla sijamhurumia?