Jani Changa na Nuru Kali

Mvua za kwanza zikianza kunyesha hapa Uvira, itazameni miembe yetu. Majani mapya hayatoki na rangi ya kijani. Hutoka mekundu kama shaba, laini, yakining'inia kama nguo iliyoloa. Majuma machache yakipita hukauka nguvu, yakawa ya kijani kama wenzake. Tumeliona jambo hili tangu utoto, wala hatukuuliza sababu.

Jani hupika chakula cha mti kwa nguvu ya nuru, na kinachoipokea nuru hiyo ni ile rangi ya kijani. Lakini jani changa halijamaliza kujengwa, nalo hupokea nuru kuliko liwezavyo kutumia. Nuru iliyozidi haikai bure: huzaa ndani ya jani sumu inayoharibu vyombo vyenyewe vya kupikia. Basi rangi nyekundu husimama mbele kama pazia jepesi. (Wataalamu wengine husema kwamba hufukuza wadudu pia. Huenda inafanya kazi zote mbili.) Tena katika kila jani, hata lililokomaa, mna rangi ya manjano, ndugu ya ile ya karoti. Jua likizidi, rangi hiyo hugeuka kwa dakika chache, na nguvu isiyohitajiwa hutoka kuwa joto tu.

Hatari huzidi nuru ikija pamoja na baridi. Ndugu zetu wanaokaa juu milimani, kwenye meta 2000 na zaidi, wanaijua asubuhi yao. Jua hutokea Burundi, ng'ambo ya ziwa, likaipiga milima yetu usoni wakati umande ungali baridi. Baridi hupunguza mwendo wa kupika, bali haipunguzi mwendo wa kupokea nuru. Kumbe jani lililopatwa na baridi laweza kuumizwa na jua lile lile linalolilisha.

Mtaniuliza, mwalimu wa dini ana shauri gani na majani? Nina sababu. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukabomoa nyumba maelfu na kuua watu makumi. Mama mmoja wa mtaa wetu alichukuliwa na maji. Alikuwa amemtoa nje mwanawe wa miaka minne, akarudi ndani kumchukua mdogo wake. Hawakuonekana tena. Mama mdogo wa mtoto akamchukua kumlea, akaniuliza, “Mwalimu, nimwambie nini?” Nikamjibu, “Bado ni mdogo. Mwambie amekwenda Bujumbura kufanya biashara.”

Nilidhani natenda huruma. Nao mti je, haumfuniki mtoto wake jua kali? Hata Bwana wetu hakuwaambia Mitume yote kwa siku moja, maana wasingeweza kuyachukua. Lakini Mtakatifu Augustino aliandika vitabu viwili juu ya uongo, wala hakuuruhusu hata kwa kumwokoa mtu. Mtakatifu Tomaso naye akafundisha kwamba kuuficha ukweli kwa busara ni halali, kusema uongo si halali. Nilipokuwa seminari nilijifunza tofauti hiyo kwa ajili ya mtihani, nikaisahau siku niliyoihitaji.

Tazameni tena lile jani jekundu. Pazia lake hupunguza nuru, halileti giza. Nuru inayopita ni nuru ya kweli, na jani hukua kwayo. Mtoto wa miaka minne angaliweza kuambiwa, “Mama amekufa, Mungu amempokea, mimi nipo nawe.” Habari ya maji, na ya kurudi ndani, ingengoja. Mimi sikumpa nuru ndogo, nilimpa Bujumbura. Tena pazia la jani huondoka jani likiwa gumu, na langu halikuondoka. Mwaka baada ya mwaka nilisema “bado”, na nikijichunguza vema, aliyeogopa si mtoto, ni mimi.

Wakati huo mtoto alikuwa akienda Kavimvira kila alipopata nafasi, akitazama magari yanayovuka mpaka.

Alipotimiza miaka kumi mama yake mdogo alinijia tena, akilia, akasema hawezi kumdanganya zaidi. Jumapili baada ya Misa tukaketi naye watatu chini ya mwembe wa misioni. Nilisema mimi, kwa kuwa neno la kwanza lilikuwa langu. Nikamwambia kwamba mama yake alikufa, jinsi alivyokufa, na kwamba ni mimi niliyewafundisha kumficha.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Mwalimu, mimi najua. Waliniambia shuleni zamani. Nilinyamaza ili Mama huyu asilie.”